Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyefuata Sauti Yake

Natumai mmekaa kitako, maana safari tuendayo ni ndefu kidogo. Twaenda Unguja, tena Unguja ya zamani.

Katika kila bweni la shule hakosekani mtu mmoja wa nyimbo. Akioga anaimba, akifua anaimba, akingoja foleni ya chakula anagonga sahani kwa kijiko kama ngoma. Na hakosekani mwingine wa kumwambia anyamaze. Akifika nyumbani likizoni anakutana na swali lile lile kutoka kwa wazee: je, utakula nyimbo? Wengi wetu tumelisikia swali hilo, na wengi tumelicheka. Lakini aliyeulizwa hacheki. Yeye hurudi shuleni akiwa na shaka kama kitu anachokipenda kuliko vyote ni kipawa au ni upuzi mtupu.

Basi na ajue kwamba hakuwa wa kwanza kuulizwa. Swali la kula nyimbo aliulizwa mwanamke mmoja wa Kiunguja, tena mbele ya watu, tena kwa wimbo wa kumdhihaki. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad. Wanachama wa Chama cha Kiswahili tunalijua jina lake kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima. Lakini kulijua jina ni jambo moja, na kuyajua maisha ni jambo jingine. Hebu tuyatazame maisha yenyewe, tuone wimbo ulimtoa wapi mama huyu na ukamfikisha wapi.

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, huko bara upande wa Tabora. Mama yake asili yake ilikuwa Uzigua, upande wa Tanga. Wenyewe wawili walizaliwa Unguja, lakini kila mtu wa zama zile alijua watu wenye asili za bara walifikaje kisiwani. Walifika kwa njia ya utumwa.

Ni vizuri tukumbuke tarehe hizi, maana bila hizo hatutamwelewa Siti. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873. Lakini kufunga soko si kufuta utumwa. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe haikutoka mpaka mwaka wa 1897, wakati ambapo Siti alikuwa msichana mkubwa wa umri kama wetu. Na hata baada ya sheria, mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mtu aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa hali yake. Mtoto wa watumwa hakuvaa kama muungwana, hakuketi walipoketi waungwana, na sauti yake haikusikizwa barazani.

Tena jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Naam, Mtumwa binti Saad. Siti ni neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima, na alipewa baadaye sana, watu walipokwisha kumjua. Mtu akikuuliza muziki ulimfanyia nini mama huyu, unaweza kuanza na hilo. Alizaliwa akiitwa Mtumwa, akafa akiitwa Bibi.

VYUNGU KICHWANI

Siti hakwenda skuli, wala hakutiwa chuoni utotoni kusoma Kurani. Wasichana wa mashamba wa hali yake hawakusomeshwa. Alichokirithi kwao ni kazi ya mikono. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti akawa mchuuzi wa vyungu.

Wanafunzi wa leo tukisikia vyungu twafikiria jambo dogo. Jamani, ile ilikuwa kazi ya jasho! Udongo unachimbwa, unachukuliwa, unakandwa, chungu kinafinyangwa, kinaanikwa, kisha kinachomwa, na kikipasuka ndiyo hasara hiyo. Vikishapona moto, vinapangwa kichwani na safari inaanza kwa miguu. Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa kilomita zipatazo 20. Ukijikwaa njiani, kazi ya siku nyingi imekwisha.

Hapo ndipo sauti ilipoanza kazi. Siti alikuwa akiimba akitembeza vyungu vyake, kuwaita wanunuzi. Sauti yake ilikuwa kubwa, nzuri na yenye kwenda mbali. Akina mama walimsikia kabla hawajamwona, wakajua muuza vyungu anakuja. Kumbe biashara na wimbo vilikuwa kitu kimoja! Wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ile ni sanaa. Yeye alikuwa anauza vyungu tu, na aliimba kwa sababu alipenda kuimba, na wimbo ukamletea wateja.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, kisha akaachika. Mwanamke aliyeachika, asiyejua kusoma, mwenye mtoto na asili ya utumwa, angetarajiwa kubaki Fumba na vyungu vyake mpaka uzeeni. Siti hakubaki. Mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka kama 30 hivi, alihamia mjini kutafuta maisha.

MWANAFUNZI WA MIAKA THELATHINI

Mji aliouhamia ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, jumba la Sultani, balozi na maduka makubwa. Upande wa pili, ng'ambo ya hori ya bahari, palikuwa na nyumba za udongo na makuti, na walioishi huko aghalabu walikuwa watu maskini, wengi wao waliokuwa watumwa na watoto wao. Mtaa huo ukaitwa Ng'ambo, na mpaka leo waitwa hivyo.

Muziki wenye sifa wakati huo ulikuwa taarab. Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim huko akajifunze. Baadaye, mwaka wa 1905, kikaundwa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa. Hapo sasa palikuwa na udi, fidla, ganuni, dumbaki na tari. Lakini nyimbo zenyewe zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa wakubwa. Mtu wa Ng'ambo aliyepita chini ya dirisha alisikia sauti tamu, lakini maneno hayakuwa yake.

Ndipo Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, alipomsikia Siti. Aliipenda sauti yake, akaamua kumfundisha. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, na mambo mengine ya muziki.

Wenzangu, hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi husimulia hadithi hii wakapaharakisha mahali hapa. Husema Siti alikuwa na kipawa, akasikiwa, akawa maarufu. Eti basi! Lakini fikiria. Mama wa miaka 30, mwenye mtoto, aliyezoea kuimba peke yake njiani apendavyo, sasa anaambiwa ameanza mapema mno, amechelewa mno, arudie tena. Wimbo wa njiani haumngoji mtu, lakini wimbo wa taarab una udi wa kungojwa na fidla ya kujibiwa. Na kwa kuwa hakujua kusoma, hakuwa na daftari la kumsaidia. Kila ubeti ilibidi uingie kichwani kwa masikio na ukae. Sisi wenye madaftari na vitabu twasahau shairi la beti nne kabla ya mtihani. Yeye aliweka nyimbo kwa mamia kichwani, za Kiswahili, na za Kiarabu pia, lugha ambayo hakuzaliwa nayo.

Kwa hiyo mapenzi ya muziki yalimpeleka mlangoni, lakini kilichomwingiza ndani ni kukubali kufundishwa.

KUNDI LA SITI

Ali Muhsin alimjulisha Siti kwa wanamuziki wengine. Wakakaa pamoja Subeti Ambar, mpigaji wa udi, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk. Kundi hili ndilo lililosimama naye miaka yote ya sifa zake. Walitunga pamoja, walifanya mazoezi pamoja, walisafiri pamoja. Siti alikuwa ndiye sauti, lakini hakusahau kwamba sauti bila ala ni nusu ya wimbo.

Mialiko ikaanza kuja. Kwanza arusi za majirani, kisha arusi za matajiri, kisha jumba la Sultani lenyewe. Mtoto wa Fumba aliyekuwa akipita na vyungu sasa aliingia akiwa mwimbaji aliyealikwa. Huko kwa wakubwa aliimba Kiarabu kama ilivyokuwa desturi. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, ambako watu walikusanyika kumsikiliza, aliimba Kiswahili. Na hilo la Kiswahili ndilo lililobadilisha taarab. Sasa mchukuzi wa bandarini, mpishi, mshonaji na mwuza samaki waliusikia wimbo wakauelewa, wakacheka palipochekesha, wakanyamaza palipouma.

Si kila mtu alifurahi. Penye sifa hapakosi kijicho. Ukatungwa wimbo wa kumdhihaki Siti. Wimbo ule ulimkumbusha alikotoka, ukazisema nguo duni alizoingia nazo mjini, ukamwuliza lau si sauti yake angekula nini. Mnaliona swali letu? Ndilo lile lile la utakula nyimbo, ila tu limevaa kanzu nyingine!

Siti hakutukana, wala hakunyamaza kwa aibu. Alijibu kwa wimbo. Katika wimbo wake alisema kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa havimfai mtu asiyekuwa na akili. Hakukana kwamba ametoka Fumba. Hakujitungia nasaba ya uongo kama walivyofanya watu wengi wa zama zake. Hakudai kwamba ni mrembo. Alichofanya ni kuibadilisha mizani yenyewe. Wao walitaka kumpima kwa uzawa, yeye akataka apimwe kwa akili na kazi. Na wasikilizaji wa Ng'ambo, ambao nao walikuwa wakipimwa kwa uzawa kila siku, walielewa mara moja kwamba wimbo ule umewajibia wao pia.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka wa 1928 Siti na kundi lake walipanda meli kwenda Bombay, Bara Hindi, jiji ambalo leo laitwa Mumbai. Walikwenda kutia sauti zao katika sahani za santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa nyimbo zake hivyo.

Kurekodi siku zile hakukuwa mchezo. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi, basi. Na ninyi mnajua taarab: wimbo mmoja waweza kwenda nusu saa, wasikilizaji wakitunza na mwimbaji akirudia. Sasa ilibidi wimbo uanze, useme maneno yake na umalizike kabla sahani haijajaa. Hapakuwa na kukata na kuunga kama tufanyavyo leo kwa kompyuta. Aliyekosea alianza upya. Mazoezi ya Ng'ambo yalionekana faida yake huko.

Sahani ziliporudi, zilinunuliwa kama chapati za moto. Hadi kufikia mwaka wa 1931 sahani za Siti na wenzake zilizouzwa zilikuwa zipatazo 72,000. Kumbuka kwamba wakati huo gramafoni ilikuwa kitu cha fahari, si kila nyumba iliyokuwa nayo. Sahani moja iliyopigwa mkahawani ilisikizwa na watu wengi waliokuja kunywa kahawa. Hivyo sauti ya Siti ikavuka bahari kwenda Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, ikapanda bara kufika ambako yeye mwenyewe hakufika. Watu waliozisikia sahani walikuja Unguja wakitaka kumwona mwenye sauti. Na kampuni za sahani, zilipoona faida, zikaanza kuwatafuta waimbaji wengine wa pwani yetu.

Kuna jambo jingine la mwaka huo wa 1928 ambalo mwanachama wa Chama cha Kiswahili hapaswi kulisahau. Mwaka huo, huku kwetu Mombasa, ulifanyika mkutano wa serikali za Afrika Mashariki ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wataalamu walikaa mezani na karatasi zao. Na mwaka ule ule mwanamke wa Unguja asiyejua kusoma karatasi alikuwa Bombay akiimba kwa Kiunguja hicho hicho. Wao walikiweka vitabuni na madarasani, naye akakiweka masikioni mwa watu. Sidhani kwamba sanifu ingependwa upesi kama watu wasingekuwa wamekwisha kuzoea kuisikia ikiimbwa kwa sauti tamu namna ile.

WIMBO KAMA GAZETI

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko sahani na sifa. Siti aliimba mapenzi, ndiyo, kama waimbaji wote. Lakini aliimba pia mambo yaliyotokea mjini. Wale wasiojua kusoma hawakuwa na gazeti. Nyimbo za Siti ndizo zilizowapa habari na maoni juu yake.

Wimbo wake mmoja mashuhuri unaitwa Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamchukua kwenda kwenye starehe, pamoja na wanawake wengine wawili, na huko mgeni yule akauawa. Kijiti akatoroka kisiwani akakimbilia bara. Wanawake wale wawili walikwenda mahakamani kueleza waliyoyajua, na wao ndio waliohukumiwa. Muuaji yuko huru ng'ambo ya bahari, na mashahidi wako gerezani!

Mji mzima ulinong'ona kuhusu kesi hiyo. Nani angesema kwa sauti? Jaji alikuwa wa serikali ya kikoloni, na waliofungwa walikuwa wanawake wasio na mtu wa kuwatetea. Siti alisema. Aliwataja, akakisimulia kisa, na wimbo ukaenda kila mtaa. Wimbo haukuwafungulia wale wanawake mlango wa gereza, tusidanganyane. Lakini ulihakikisha kwamba uonevu ule haukuzikwa. Sasa yapata miaka mia imepita, jaji amesahauliwa jina, na sisi hapa bado twajua kwamba mgeni wa Dar es Salaam aliuawa na haki haikutendeka.

Hapo ndipo naona njia ya Siti ilipokamilika. Utotoni sauti ilimwuzia vyungu. Ukubwani ilimpatia riziki na jina. Lakini mwisho wa yote aliitoa sauti hiyo iwasemee wengine waliokuwa kama yeye, watu ambao barazani hawakupewa nafasi ya kunena.

UZEENI

Miaka ikapita, nguvu zikapungua. Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga ambaye vitabu vyake twavisoma sana. Shaaban Robert alimhoji mama huyo mzee, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kilichapwa mwaka wa 1958, lakini mwenyewe hakuwahi kukishika mkononi. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Mwanamke ambaye hakuandika hata herufi moja aliandikiwa kitabu na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu wakati huo. Wakati huo aghalabu tenzi na wasifu viliandikwa kwa ajili ya mitume, masultani na mashujaa wa vita. Shaaban Robert akaona kwamba muuza vyungu wa Fumba anastahili kuwekwa katika safu hiyo.

Na njia aliyoikata haikufunga. Baada yake wanawake wa Unguja waliunda vyama vyao wenyewe vya taarab. Binti mmoja aliyekuwa akienda kumsikiliza Siti akiimba, Fatuma binti Baraka, ndiye aliyekuja kuitwa Bi Kidude, akaimba mpaka uzee wa ajabu na kufariki mwaka wa 2013. Hapa kwetu Mombasa wakatokea akina Zuhura Swaleh na Malika. Na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, walilipa jina Sauti ya Siti. Hawakulipa jina la malkia wala la waziri.

TUSEME NINI BASI?

Wanafunzi wenzangu, sitaki mtu yeyote afunge gazeti hili akaenda kumwambia mwalimu wa Hisabati kwamba Siti binti Saad hakusoma na akafanikiwa. Hapana bwana! Siti hakusoma kwa sababu alinyimwa, si kwa sababu alikataa. Alipopata mwalimu, hata akiwa na miaka 30, alisoma kwa bidii kushinda wengi wetu tuliopewa madawati bure. Anayekimbia darasa kwa kisingizio cha muziki hamfuati Siti. Anamfuata mvivu mwingine tu.

Lakini pia nawaomba wakubwa wetu, kwa heshima na taadhima, wasiliulize lile swali kwa dharau. Mtoto anayeimba akifua huenda anapitisha wakati tu, na likizo ikiisha atasahau. Huenda pia amebeba kitu ambacho yeye mwenyewe bado hajakijua, kama Siti asivyojua alichokibeba alipokuwa akiwaita wanunuzi wa vyungu. Mzazi au mwalimu atajuaje tofauti? Nadhani ni kwa kumpa kazi. Mpe wimbo mgumu, mpe mwalimu wa kumsahihisha, mwambie aurudie mara kumi. Anayependa sifa atachoka mara ya tatu. Anayeupenda muziki ataomba ya kumi na moja.

Nawe mwenzangu unayeimba, jiulize maswali matatu ambayo maisha ya Siti yanatuuliza. Je, uko tayari kufundishwa, au wataka kupigiwa makofi tu? Je, unaweza kukaa na wenzako katika kundi bila kutaka kuwa jogoo peke yako? Na je, ukipewa sauti, utamsemea nani? Shuleni kwetu tuna kwaya, tuna tamasha la muziki kila mwaka, tuna ngonjera na mashairi. Kuna mambo mengi hapa na vijijini kwetu ambayo watu huyanong'ona tu. Si lazima ufike Bombay ndipo uyaimbe.

Siti aliulizwa angekula nini. Alikula kwa jasho la sauti yake, akalea, akawapa wenzake kazi, na akatuachia sisi lugha iliyopendeza zaidi. Mungu amrehemu. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga, ila pete ya Siti ilichukua miaka mingi ya mazoezi kabla ya kuvikwa.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Wasalaam.